Jaketi la Fundi wa Boti

Mashine ilikohoa mara mbili, kisha ikanyamaza. Hadi leo pikipiki ikizimika njiani huku Isingiro, naisikia ile ile, na ukimya uliofuata.

Shikamooni mama zangu na baba zangu wa kikundi chetu cha kilimo. Wenzangu, habari za mchana. Mnanijua kwa kucheka. Leo nivumilieni, maana sijawahi kulisimulia hili lote mbele yenu.

Nina darasa la saba, na ufundi nimejifunza kwa kufungua pampu za kumwagilia. Ndoto yangu ilikuwa mashine za boti. Mlinicheka, nikacheka nanyi, nikaenda ziwani, kisiwa cha upande wa Muleba, nikapata kazi gereji. Nililala stoo, kati ya madumu ya petroli. Fundi mwanamke nilikuwa peke yangu. Wiki zilipita sijasikia neno la Kinyambo, hata nikawa naziamkia mashine asubuhi, moja moja, kwa lugha ya nyumbani.

Desturi ya pale, ukitengeneza mashine unapanda nayo safari ya kwanza hadi kwenye nyavu. Boti ikipata samaki unapewa fungu lako, ndiyo malipo. Ikirudi tupu, umefanya bure. Majaketi ya kujiokolea yalikuwepo, ila ya wavuvi. Fundi akiomba, tajiri, mwenye gereji, alikuwa na jibu moja: "Unaogopa mashine uliyoitengeneza mwenyewe?" Gereji nzima inacheka. Yaani kuomba jaketi ni kukiri kazi yako mbovu. Ndugu zangu, nawaambia, mimi nisiyejua kuogelea nilipanda miezi sita kwa aibu hiyo.

Siku yenyewe wavuvi walikuwa na haraka, tajiri akasema tusiijaribu mashine kwenye pipa la maji kama kawaida. Nami wakati wa kusafisha nilikuwa nimeziba kwa kitambaa tundu la maji ya kupozea, nikasahau kukitoa. Tuko mbali na nchi kavu, mashine ikachemka, ikakohoa, kimya. Nikasimama kuvuta kamba ya kuiwasha, wimbi likapiga, nikarushwa nje ya boti. Nahodha alinidaka ukosi wa ovaroli, miguu yangu tayari iko majini.

"Mbona hukusema hujui kuogelea?"

Nikashika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

Nilirudi nyumbani bila kuaga. Mbele yenu nilicheka, kwenye migomba nililia. Mliniita fundi wa meli, na mimi niliitika.

Mama mmoja aliyekaa hapa alinikuta nafua ile ovaroli mara ya tatu wiki hiyo, na siivai. Nikamweleza yote. Hata pole hakunipa.

"Ulimwambia tajiri wako unataka jaketi?"

"Hapana, mama."

"Basi kamwambie. Akikataa, rudi tulime. Lakini uwe umesema."

Akawaambia nahitaji jaketi, mkanichangia, la rangi ya chungwa. Nilishuka nalo mwaloni, boti zinakoegeshwa, nimelivaa kabisa, watu wananitazama. Tajiri akauliza swali lake lile lile. Nikamjibu, "Mashine yangu naiamini. Ziwa sikulitengeneza mimi." Nikaongeza kwamba hapandi mtu na mashine isiyojaribiwa kwenye pipa, na nitalipwa kwa mashine iliyowaka, si kwa samaki. Safari hii hakucheka mtu. Tajiri akaninyooshea spana, akasema nianze na ile mashine ya nahodha.

Upweke bado upo, nisiwadanganye. Stoo ni ile ile na jioni ni ndefu. Lakini nawashukuru, mama zangu, kwa kunivalisha. Na wewe mama wa ovaroli, Mungu akutunze. Nilichojifunza ni kimoja: ziwa lilitaka kunichukua mara moja tu, aibu ya kuomba ilinipeleka huko kila siku. Semeni, hata sauti ikikwama.

Juzi, kabla ya kuja kwenu likizo, wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Nikapiga msumari karibu na mlango wa gereji, usawa wa mkono wa mtu mfupi kama mimi. Nikatundika jaketi la pili, nililonunua mwenyewe, ili fundi ajaye alichukue bila kuomba. Nikafuta vumbi la msumari, nikafunga mlango.