Maman Eulalie na Safu za Shabunda

Ijumaa tarehe 28 Desemba 1990, Maman Eulalie M'Cirhuza anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi yetu ya takwimu za chanjo, hapa Bukavu. Katika barua za serikali aliandikwa Citoyenne, yaani Mwananchi, M'Cirhuza. Kwetu sisi ni Maman Eulalie, hata kwa wakubwa wake.

Aliingia mwaka 1963 kama dactylo, mpiga taipu. Walimu wawili wa Kifaransa waliwahi kumletea barua zao azisahihishe, wakisingizia wanataka zipigwe mashine tu.

Kazi iliyompa sifa ilikuwa kupanga ripoti za wagonjwa. Kila ripoti ilikuja kama mstari mmoja: kituo, wiki, idadi. Yeye aliichukua mistari hiyo akaigeuza kuwa safu kwa rula na kalamu kwenye karatasi kubwa, kila wiki na safu yake, ili daktari aone mara moja ugonjwa unakoelekea.

Mwaka 1988 tukapata kompyuta. Mimi Pascal, niliyetoka mafunzoni Kinshasa, niliandika programu ya kugeuza mistari kuwa safu kwa dakika chache. Nikatangaza kwamba karatasi kubwa zimekwisha kazi.

Machi 1989 surua ililipuka Bunyakiri. Jedwali langu lilionyesha 14, kisha 22, kisha 31. Kituo kimoja cha Shabunda, karibu na machimbo ya dhahabu, kilionyesha sifuri wiki zote tatu. Docteur Gaston, mkuu wetu, akaamua chanjo zote ziende Bunyakiri kesho yake asubuhi.

Maman Eulalie alilishika jedwali kwa muda mrefu.

“Pascal, hii zéro, nani aliisemaka?”

Nilimjibu kwamba ni mashine. Akafungua faili la ripoti, akapekua karatasi moja moja. Kutoka kituo kile hakukuwa na ripoti hata moja kwa wiki tatu. Pale ambapo hapakuwa na mstari, programu yangu ilijaza sifuri.

“Hawakusemaka hakuna mugonjwa,” alisema. “Hawakusemaka kitu.”

Nilikasirika. Mbele ya Docteur nilisema kwamba Maman anaogopa mashine kwa sababu ya umri. Alimwomba Docteur azuie nusu ya chanjo hadi kituo kipatikane kwa phonie, ile redio ya mawasiliano. Docteur alidai ushahidi, naye Maman hakuwa nao. Alijua pia kwamba kama Shabunda ni wazima, watoto wa Bunyakiri watapungukiwa kwa sababu yake. Docteur alimpa hadi saa kumi jioni.

Tuliita tangu asubuhi. Phonie ya kituo ilikuwa kimya. Maman hakula. Saa tisa na nusu, misheni iliyo karibu zaidi na kituo hicho ilijibu. Muuguzi Déogratias alikuwa amefika hapo kwa miguu, siku mbili njiani, kwa kuwa betri yake ilikufa. Alikuwa na watoto sitini wagonjwa.

Chanjo ziligawanywa, na ndege ndogo ya misheni ikapeleka nusu. Watoto tisa walikuwa wamezikwa kabla haijatua. Bunyakiri nayo ilingoja nyongeza siku nane, na kila asubuhi Maman alikuwa mlangoni kwa Docteur akiulizia hali ya kule. Watoto wote wa Bunyakiri walipona, ila mmoja.

Nilirekebisha programu wiki hiyohiyo: pasipo na ripoti, nafasi inabaki wazi. Kwa miezi mingi Maman aliendelea kulinganisha jedwali na faili, nami nilikaa karibu naye nikiwa na hofu ya atakachokikuta. Sasa mwenzetu Adolphine anashika kiti chake na kazi hiyo. Hofu hiyo bado ninayo.

Maman, unakoenda Mumosho kulima maharage yako, uende na shukrani za ofisi nzima. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na wajukuu wengi. Neno langu la kuomba radhi ulilipokea zamani, tukiwa wawili tu. Lakini nilikudharau mbele ya watu, basi leo mbele ya watu nasema: nisamehe, Maman.