Nani Ameuza Cherehani Hii?

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu. Mheshimiwa Meneja wa Mauzo. Wazee wetu mliotangulia kustaafu, na leo mmerudi mkiwa mmenenepa kutuzidi sote. Mzee wa nyumbani kwa Shangazi, pamoja na watoto na wajukuu. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wauzaji wenzangu mliochagua viti vya karibu na meza ya chakula: habari za mchana? Kama kuna mkubwa nimemruka, anisamehe. Cheo chake nakijua, ni karatasi yangu ndiyo fupi.

Nimepewa dakika kumi za kumuaga Shangazi, ambaye ameuza cherehani hapa kwetu kwa miaka ishirini na sita na leo anastaafu. Kwa wageni msionifahamu, mimi ni mama wa vipimo. Nasimamia ile programu ya kamisheni inayoamua nani ameuza nini, na kwa hiyo nani apate pointi na nani akae akinuna. Wauzaji hawa mnaowaona wakinichekea, nikigeuza mgongo wananiita Refa. Nalijua hilo, na wala sinuni, maana refa angalau hupewa filimbi.

Ndugu zangu, mnadhani kumpima muuzaji ni kazi rahisi? Programu hii tulipoinunua, miaka mitatu iliyopita, ilikuja tupu. Haikujua kuuza ni nini. Ilikuwa inamngoja mtu aiambie: hesabu hiki, kile kiache, akifika hapa mpongeze, akishuka hapa mwonye. Mtu huyo nilikuwa mimi, ndiyo kwanza nina wiki mbili kazini, kichwa kimevimba kwa vyeti. Kanuni yangu ya kwanza ilihesabu simu, kwamba anayepiga nyingi ndiye mchapakazi. Jamani, wiki ile hakuna mama mkwe aliyesahauliwa! Kuna muuzaji mmoja, simtaji, amevaa shati la bluu, alimpigia mlinzi wetu wa getini mara arobaini, na mlinzi mpaka leo hana cherehani. Nikaifuta. Nikaweka kanuni ya kuhesabu wateja walioandikishwa. Bwana huyo huyo akaandikisha kwaya nzima, sauti zote nne, na mpiga kinanda juu.

Basi nikaja na kanuni ya tatu, ile isiyopigwa chenga. Pointi zote ni za yule ambaye namba yake imeandikwa kwenye fomu ya mauzo. Huna fomu, huna pointi. Na atakayekaa chini ya kiwango miezi mitatu mfululizo, programu yenyewe inamtolea barua ya kusitisha mkataba, mkubwa anaweka sahihi tu. Kanuni safi, wazi, haijui shemeji wala rafiki. Nilijipiga kifua.

Sasa litazameni duka letu. Mbele, mlangoni, kuna dawati, na hapo anakaa ndugu yetu tunayemwita Mkataba, kwa sababu haendi hata msalani bila fomu mkononi. Nyuma kuna chumba chenye cherehani nne na kikapu cha mabaki ya vitambaa, na humo ndimo alimokuwa Shangazi. Mteja anaingia anaiogopa cherehani kana kwamba itamng'ata. Shangazi anamkalisha, anamwonyesha kutunga uzi, anamwacha ashone mshono uliopinda, wanacheka, wanafumua, wanarudia. Mwingine anakuja siku tatu, mwingine wiki nzima. Siku anayoshona mstari ulionyooka, anatoka mle ndani kifua mbele, anataka cherehani yake leo leo. Na akifika mlangoni anamkuta nani? Mkataba, kalamu imeshafunguliwa! Namba Shangazi alikuwa nayo kama wengine, ila fomu ziko mlangoni, na yeye muda wote yuko nyuma na mteja anayefuata.

Mwezi wa kwanza Mkataba akatia fora, Shangazi akashika mkia. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ulipoisha, asubuhi moja, printa ikatoa barua. Mimi ndiye niliyeichukua, na leo nasema kweli: kabla sijasoma jina, nilifurahi. Nilisema, kumbe inafanya kazi! Halafu nikalisoma jina.

Ilisainiwa, nikampelekea. Alikuwa na mama mmoja ambaye uzi ulikuwa unamkatikia kila akikanyaga pedali. Shangazi akaisoma barua akiwa amesimama, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akaniambia, "Ngoja kwanza nimmalizie huyu, asije akaondoka na hasira." Akammalizia. Kisha akachukua mkoba wake, akamuaga mlinzi, akaenda zake. Yule mama akanunua cherehani, na pointi akapata Mkataba.

Mwezi uliofuata mnaukumbuka? Chumba cha nyuma kilifungwa, tukajaza humo makabati ya mafaili. Wateja wanaingia, wanazitazama cherehani, cherehani zinawatazama, wanatoka. Wale wachache waliothubutu kununua walizirudisha: kumi na moja ndani ya wiki tatu, zote eti mbovu, na zote zilikuwa nzima kabisa, isipokuwa uzi umetungwa kinyume. Ndipo Mkataba akafanya jambo ambalo mimi sikuwa na ubavu wa kulifanya. Aliingia ofisini kwa Mkurugenzi mikono mitupu, bila fomu, akasema, "Mzee, mimi sijawahi kuuza cherehani hata moja. Mimi nilikuwa naandika tu." Mkataba, simama watu wakuone. Mpigieni makofi, maana siku ile alijipunguzia riziki kwa kinywa chake mwenyewe.

Shangazi akaitwa, akarudi. Tukaketi meza moja, mimi na yeye, tukazipanga kanuni upya. Aliyemleta mteja ana fungu lake, aliyemfundisha ana lake, aliyeandika fomu ana lake, na pointi haihesabiwi mpaka cherehani imekaa kwa mwenyewe siku sitini bila kurudishwa. Nilipotaka kulinenepesha fungu la mwalimu, alinishika mkono. "Punguza, mwanangu. Mkataba ana watoto wanne." Kanuni hizo ndizo tunazotumia mpaka leo, na Meneja wa Mauzo huwaonyesha wageni kwa fahari kana kwamba amezizaa yeye.

Karatasi yangu ina ukurasa mmoja zaidi, wa kumsifu Shangazi kwa subira yake. Naomba nisiusome. Kuna jambo lingine.

Siku ile Mkataba alipokiri, tuliitwa wote kikaoni, na Mkurugenzi aliuliza, imekuwaje tukamfukuza mwalimu wetu? Nikajibu mimi, haraka haraka, "Mtambo ulikosea." Mlicheka wote. Mheshimiwa Mkurugenzi, ukawaandikia waliotuuzia programu barua kali, nao wakaomba radhi kwa kosa wasilolijua. Na tangu hapo kikiharibika kitu chochote ofisini, hata bomba la maji, mnasema mtambo umekosea.

Mtambo haukukosea. Kwenye ukurasa wa kupanga kanuni palikuwa na kisanduku cha kuweka tiki, kimeandikwa wazi: je, pointi zigawanywe kwa muuzaji zaidi ya mmoja? Na kabla sijamaliza kazi ile, Shangazi alinifuata mezani kwangu, tukiwa wawili tu, akaniuliza, "Mwanangu, na anayefundisha anahesabiwa wapi?" Nikamjibu kwamba hilo litaingia awamu ya pili. Haikuwepo awamu ya pili. Nilitaka nimalize Ijumaa ile nionekane hodari. Kisanduku nikakiona, nikakiruka.

Aliporudi kazini, neno lake moja tu lingetosha, na leo nisingekuwa na maikrofoni hii. Alinikuta kwenye korido nimeganda, sijui niangalie wapi. Akaniuliza, "Umekula?" Basi. Hakuongeza kitu, siku ile wala siku nyingine. Yeye amekaa na siri yangu muda wote huu, na mimi nimekaa na sifa zenu, na niwaambieni, zimenichosha.

Shangazi, shikamoo. Barua ile ni mimi niliyeiandika, kwa haraka yangu na kiburi changu. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa niliowadanganya, na mbele ya mzee wako na wajukuu wako, ambao mwezi ule walikuona umekaa nyumbani bila kosa. Mheshimiwa Mkurugenzi, kesho saa mbili kamili nitakuwa mezani kwangu, na kama kuna barua yenye jina langu, nitaipokea kwa mikono miwili.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Sasa maikrofoni nampelekea Shangazi, na naomba mtu yeyote asimkatize, hata akitaka kuzungumza mpaka jioni.