Rimu Nne Uani

"Kabla ya alfajiri nasikia kwaru, kwaru, uani," kijana alimwambia fundi matairi ndani ya basi. Bibi aliyekaa nyuma yao akaacha kusinzia.

"Rimu za inchi kumi na nane ni kubwa mno kwa gari lako, mwanangu," fundi akajibu. "Tairi linasugua bodi, hata kidole hakipiti. Urembo gani huo?"

"Saa hizo gari limesimama tu uani, fundi! Na leo nimezikuta rimu ndogo za marehemu baba zimetoka stoo, zote nne, kila moja kando ya gurudumu lake."

Fundi akamshika bega. Bibi aliuona ule mkono, akajisemea kwamba hata wafu wana huruma kwa watoto wao.

"Zifunge hizo za baba yako," fundi akasema.

"Naogopa kuzigusa. Na jioni nawabeba wanangu kwenye gari hilo."

Basi likasimama, fundi akainuka.

"Uje tena nyumbani leo, uzifunge wewe," kijana akamsihi, "kama ulivyokuwa ukija enzi za baba."