Bi Solange Wattrelot Aitwa Ndugu Tena

Jumamosi, 28 Machi 2026. Asubuhi kulikuwa na ukungu na manyunyu. Kufikia saa nne jua lilikuwa limetoka. Siku hiyo Bi Solange Wattrelot alistaafu, baada ya miaka arobaini na mitatu katika baraza la mji wetu wa Varmelles, kumi na minane kati ya hiyo akiwa meya.

Aliingia mwaka 1983, mshonaji wa kiwanda cha mashati na mwanachama wa chama cha Kikomunisti. Wakati wa kampeni yeye alipanda ngazi kubandika mabango, na diwani mwenzake, seremala Gaston Briquet, akashika ndoo ya gundi. Waliitana "ndugu", kama ilivyo desturi ya chama chao.

Mwaka 1991 alihamia kwa Wasoshalisti. Hao walipogawanyika, alianzisha na wenzake chama ambacho wanachama wake wote walienea katika gari moja, dereva ndiye mweka hazina. Mwishowe akajiunga na chama cha Kijani. Muuza jibini sokoni hakuchoka kumtania: "Mama, mwaka huu tukupigie kura ya rangi gani?"

"Ile ile ya zahanati! Mimi sijahama, vyama ndivyo vinavyohamahama."

Zahanati hiyo ya mji ilikaribia kufungwa mara mbili, naye akaipigania. Iko wazi hadi leo, na wengi wetu tumepimwa presha pale.

Gaston hakucheka. Tangu Bi Solange alipohama chama chao, barazani na hata kwenye foleni ya mkate, alimwita "Mheshimiwa", basi. Ndiyo maana wiki nzima Bi Solange alinisumbua mimi niliyeandaa sherehe ya kumuaga: "Gaston umemwalika? Atakuja kweli?" Nilimwalika. Hakujibu.

Hotuba ziliisha, kiti cha kando yake kikiwa kitupu. Tulikuwa tumeshaanza kukata keki Gaston alipoingia na mkongojo wake, akasimama mbele yake.

"Umebakiwa na chama chochote?"

"Sina. Kadi nimerudisha."

"Na cheo?"

"Utepe wa umeya nimeuvua sasa hivi, huoni?"

"Basi sogea, ndugu. Miguu inaniuma."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Bi Solange alisogea, akampa kipande kikubwa cha keki.

Bi Solange, asante kwa zahanati, na kwa kutuvumilia. Tunakutakia asubuhi nyingi zisizo na ajenda. Miaka yote ulilalamika kwamba usingizi haukujii kabla ya saa nane usiku. Dada yako ametuambia kwamba Jumamosi hiyo ulilala na viatu miguuni, saa kumi na mbili na robo jioni.