Mama Mnyororo, Dada Yetu wa Hesabu za Sumaku

Dada yetu, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa kifungua mimba wa baba fundi mitambo na mama mshonaji. Aliyemfuata, naye ndiye kitinda mimba, ni mdogo wake seremala, ambaye ndiye aliyemuuguza.

Alianza shule mwaka 1965. Mwalimu wa darasa la nne alimwita baba akalalamika, "Mtoto wako angenikosoa kwa ubishi ningemchapa. Ananikosoa kwa haki, sasa nifanyeje?" Baba alicheka hadi machozi yakamtoka. Dada yetu alimaliza sekondari mwaka 1977, akapata shahada ya hisabati mwaka 1981 na uzamivu mwaka 1989.

Kwa miaka ishirini na tisa alifundisha chuo kikuu, chumba namba 14, dirisha likitazama maegesho ya baiskeli. Alichunguza minyororo ya sumaku ndogo kuliko vumbi, zilizojipanga mstari mmoja, kila moja ikimsukuma jirani yake. Ndipo wanafunzi wakamwita Mama Mnyororo. Zipo kanuni za ulinganifu, ziitwazo makundi ya kwanta, zinazowezesha mnyororo mzima kukokotolewa bila kubahatisha. Yeye aliuliza: mnyororo ukirefuka bila kikomo, kanuni hizo hubaki na sura gani?

Mdogo wake alipotaka kujua maana ya hayo yote, alimjibu, "Kupiga msasa ndipo upake vanishi, ni sawa na kupaka vanishi ndipo upige msasa?"

"Utaharibu kabati, dada."

"Basi. Na hesabu zangu ukigeuza mpangilio, jibu linageuka. Kazi yangu ni kujua linageuka kwa kiasi gani."

Tarehe 12 Desemba 1987 aliolewa na mpima ardhi aliyeingia maktaba na ramani, akasahihishiwa naye pembe moja. "Aliyenikosoa bila kunicheka, huyo simwachi," alisema bwana huyo, na hakumwacha hadi alipofariki mwaka 2015. Walijaliwa binti mmoja, ambaye ni muuguzi.

Februari 2022 kiharusi kilimnyang'anya dada yetu usemi na mkono wa kulia. Kazi yake ya mwisho, kurasa arobaini, ilikuwa haijakamilika. Mwanafunzi wake wa mwisho akawa anakuja kila Jumanne, anaketi kando ya kitanda na kumsomea mstari kwa mstari. Kubana mkono mara moja ni ndiyo. Mara mbili, hapana.

"Mama anahitaji kupumzika, si herufi!" binti yake alifoka siku moja. Mgonjwa akamshika mkono, akaubana mara mbili. Binti akalia, kisha akaenda kuleta mto wa pili.

Walipofika ukurasa wa thelathini na moja, mkono ulibana mara mbili. "Mwalimu, nimehakiki mara tatu," mwanafunzi akasema. Mara mbili tena. Walibishana hivyo Jumanne nne, mmoja kwa maneno, mwingine kwa vidole. Mdogo wake anasema hajapata kumwona mtu asiye na sauti akipiga kelele kiasi kile.

Jumanne ya tano mwanafunzi akaliona: herufi mbili zilikuwa zimegeuzwa. Kosa lilikuwa la mwalimu mwenyewe, aliloliandika siku za uzima wake. Kulisahihisha kulimgharimu nusu ya matokeo. Kwa mnyororo ulio wazi ncha zote, uthibitisho ulisimama; kwa ule uliofungwa kama pete, miaka sita ya kazi ikarudi kuwa swali.

"Tuandike hivyo, Mwalimu? Kwamba hatujui?"

Mkono ukabana mara moja.

Kazi hiyo ilichapishwa Machi 2023. Jumamosi tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, baada ya wiki mbili za nimonia, dada yetu alifariki nyumbani, binti yake na mdogo wake wakiwa wamemshika.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili, mdogo wake, wifi yake, na wanafunzi wengi aliowafundisha kusema "sijui" bila aibu.

Kazi ameifanya. Sasa na apumzike, kwa amani.