Mama Pumua na Mumewe wa Mabomba

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo, kisha usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mkunga.

Alifariki wiki tatu zilizopita, Jumanne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja. Narudia, kwa uliyefungua redio sasa hivi: mkunga, miaka thelathini na mmoja, kituo kimoja cha afya, wodi moja yenye vitanda sita na pazia moja lililokuwa likigombewa.

Walimwita Mama Pumua. Ndilo neno alilomwambia kila mwanamke aliyefika pale akiwa amekunja ngumi. "Pumua, mama. Mimi nipo, siendi popote. Pumua tena." Wapo mnaonisikiliza sasa hivi ambao neno la kwanza kusikika duniani mlipozaliwa lilikuwa hilo, ingawa halikuwa lenu, lilikuwa la mama zenu.

Huyo ndiye marehemu. Lakini habari zake hazisimuliki bila mumewe, na mumewe ndiye tutakayemfuata leo hatua kwa hatua, kwa ruhusa yake mwenyewe. Binti yao, kitinda mimba, ametuandikia kurasa tisa. Alimtumia baba kwanza azisome, na mwisho wa kurasa hizo baba ameongeza mstari mmoja kwa kalamu ya seremala: "Someni yote."

Mumewe ni fundi bomba mstaafu. Mtaani wanamwita Mzee Spana, kwa sababu suruali zake zote zimetoboka mfuko wa nyuma, pale spana inapokaa. Si mtu mkali. Hana kiburi. Ni mkimya tu, kimya cha mtu aliyezoea kufanya kazi chini ya sinki peke yake. Akifika kwa mtoto wake husema, "Hamjambo?" na kabla jibu halijamfikia, kichwa kimeshaingia chini ya sinki la jikoni.

Kifungua mimba wao, mwalimu wa hesabu, alituambia akicheka: "Sisi baba tulimjua kwa visigino. Ukitaka kumsalimia vizuri, unainama."

Aliyeongea alikuwa mama. Mama aliuliza, mama alijibu, mama alipiga simu, mama alikumbuka nani anaumwa na nani amegombana na nani. Habari za watoto zilimfikia baba kupitia kwake, zikiwa zimepoa. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa ilikwenda hivyo, na hakuna aliyelalamika.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, walipostaafu walianza utaratibu wao. Kila likizo ya mwisho wa mwaka, shule zikifungwa, walifunga mikoba miwili: mmoja wa nguo, mmoja wa vyuma. Wiki moja kwa kifungua mimba, wiki moja kwa kitinda mimba. Na kila walipofika, asubuhi walikwenda kujitolea. Hawakuwa na chama wala barua ya utambulisho. Mama Pumua alibisha hodi popote, shuleni, zahanati, nyumba ya wazee, akasema: "Sisi ni wastaafu wawili, tuna mikono minne. Mna kazi gani?" Mlinzi akianza kusitasita, yeye alishaingia ndani anawaamkia watu. Alikaa na wajawazito kwenye mabenchi, akawafundisha kupumua. Mumewe alipita nyuma ya jengo akitafuta bomba linalovuja.

Miaka minane wakafanya hivyo. Msimu wa mwisho ulikuwa mwaka jana.

Walifika kwa kifungua mimba siku ya Ijumaa. Jikoni bomba lilikuwa linadondoka kwenye beseni, tone, tone, tone. Mzee Spana akafurahi usoni. Akavua koti.

"Baba, pumzika kwanza," mkamwana wake akamwambia. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe unakuja nalo!"

"Hili limevuja tangu lini?" akauliza akiwa chini ya sinki.

Mkamwana akakohoa. Mjukuu, msichana wa miaka sita, alikuwa amechuchumaa pembeni akimshikia tochi. Yeye ndiye aliyejibu.

"Tangu nina meno yote, Babu. Bibi alisema tusiite fundi. Alisema bomba ni la kwako, tukungoje."

Tone, tone. Mzee Spana akarudi kwenye kazi yake. Akabadilisha kimpira, akakaza koki, akafuta mikono. Lakini siku nzima aliangalia nyumba ile kwa jicho jingine. Bawaba ya mlango wa choo. Kitasa cha kabati. Mwaka juzi tangi la choo, mwaka uliotangulia bomba la bustani. Vyote vilimngoja yeye. Vyote viliachwa makusudi.

Kesho yake walikwenda kujitolea nyumba ya wazee, na hapo ndipo yalipotokea yale ambayo familia hii itayasimulia mpaka kwa vitukuu. Mama Pumua alikuwa anawaosha nywele bibi saba. Walikuwa wamepangwa kwenye viti uani, taulo mabegani, wanapiga soga, vichwa vyote saba vina povu. Mzee Spana, upande wa pili wa jengo, akaona koki kuu inavuja. Akaifunga. Hakumwambia mtu. Akaifungua vipande vipande, akavipanga juu ya gazeti.

"Maji yamekata!" bibi mmoja akapiga kelele. "Jamani, sabuni inaniingia machoni!"

"Fundi!" Mama Pumua aliita kutoka uani. "Umefunga maji?"

Ukasikika mlio wa spana tu.

"Fundi! Nina vichwa saba huku!"

"Nusu saa," sauti ikajibu kutoka nyuma ya ukuta.

Bibi wa kiti cha mwisho akajifuta jicho, akauliza: "Huyo ni mume wako?"

"Ni wangu."

"Pole, mwanangu. Tangu lini?"

"Miaka arobaini na miwili na nusu."

"Basi nusu saa utaiweza."

Wakacheka wote saba na povu lao, mpaka mlezi wa zamu akaja kuangalia kuna nini. Mama Pumua alimfuata mumewe nyuma ya jengo, bado anacheka, mikono imejaa sabuni. "Mume wangu, neno moja tu. 'Nafunga.' Ungesema nafunga, ningekinga ndoo. Neno moja lingekupunguza nini?"

Yeye alibaki ameshika spana. Ndipo akasema lililomkaa kooni tangu jana. "Umekuwa ukiwaambia wasitengeneze vitu."

Mama Pumua akaacha kucheka. "Miaka minane."

"Yaani nimekuwa mgonjwa anayepewa dawa kwenye uji bila kuambiwa."

"Ungekuja bila bomba?"

Mama Pumua akageuza ndoo, akaikalia.

"Nisikilize, Fundi. Nilimwona daktari mwezi wa tisa. Moyo umechoka. Nameza dawa, lakini yeye ni daktari na mimi ni mkunga, tulielewana bila maneno mengi. Mwakani labda nipo, labda sipo. Mimi kufa sikuogopi sana. Ninaogopa kitu kimoja: nikiondoka, utakaa kwenye ile nyumba na vyuma vyako, unangoja kitu kiharibike ndipo uwaone watoto wako. Na mimi sitakuwepo kuwaambia waache bomba livuje."

Wasikilizaji wapendwa, mzee huyu ametuambia kwamba alitaka kumjibu mkewe. Alikuwa na maneno mengi sana kifuani siku ile. Akaokota koki, akairudisha mahali pake, na mikono yake ikakosea nyuzi za koki mara mbili. Fundi mwenye uzoefu wa miaka arobaini. Kisha maji yakarudi na bibi saba wakashangilia.

Wiki iliyofuata walikwenda kwa kitinda mimba. Yeye ni mpima macho kwenye duka la miwani, anaishi ghorofa ya tatu na mumewe, ambaye kazi yake ni ya safari. Mzee Spana alisema "Hamjambo?" akaenda jikoni. Akafungua koki, akafunga. Kavu. Akaenda bafuni. Kavu. Akavuta maji ya choo, yakashuka na kujaa na kunyamaza, kama inavyotakiwa. Bawaba zilikuwa zimepakwa mafuta.

Alirudi sebuleni, akasimama katikati kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Nani ametengeneza?"

"Fundi," binti akasema. "Mama alinipigia wiki iliyopita. Alisema ita fundi, usibakishe hata koki moja."

Akamgeukia mkewe. Mama Pumua alikuwa anavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Zahanati. Nina wajawazito kumi wananisubiri."

"Nikusindikize. Labda wana bomba."

"Hawana. Kaa."

Mlango ukafungwa. Binti ameandika hivi: "Baba alikaa ukingoni mwa kochi, mikono juu ya magoti, kama watu wanaosubiri matokeo pale dukani kwetu. Nikamletea chai. Akanywa. Akasema chai nzuri. Nikasema asante. Alisema labda aondoke na basi la jioni, mama angemkuta nyumbani. Nikasema sawa baba, kwa sababu tulizoea kumwambia sawa."

Alisimama. Akafika mlangoni. Akashika kitasa, kitasa kizima kabisa, na hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, akaiona nyumba yake isiyo na mke, akajiona amekaa humo.

Akarudi, akakaa. Safari hii hakukaa ukingoni.

"Mwaka huu umekuwaje kwako?" akamuuliza binti yake.

Ni swali dogo. Tunaulizana kila siku, tena bila kungoja jibu. Lakini binti huyo ana miaka thelathini na mbili, na anasema hakuwahi kuulizwa swali hilo na baba yake. Alikaa chini, akaanza na habari za kazi, za jirani, za lifti mbovu. Baba akasikiliza. Halafu binti akasema:

"Baba, mwezi wa sita niliharibikiwa mimba."

Mama alijua. Mama alijua siku ile ile, saa ile ile. Baba hakujua.

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Mume wangu alikuwa safarini. Nilikuwa na mama kwenye simu. Aliniambia nipumue."

"Ningekuja," baba akasema.

Na binti, bila ubaya, kwa mshangao tu, akamuuliza: "Ungekuja kufanya nini, baba? Mabomba yalikuwa mazima."

Mzee Spana aliangalia mikono yake.

"Ningekaa," akasema.

Mama Pumua aliporudi kutoka zahanati aliwakuta pale pale. Taa hazijawashwa. Binti ameegemeza kichwa begani kwa baba. Mama hakuuliza kitu. Alivua viatu, akaenda kuosha mikono.

Baada ya msimu huo aliishi miezi kumi na moja. Kwa kitinda mimba wamebarikiwa mtoto wa kike mwezi uliopita. Mama Pumua alimpokea kwa mikono yake mwenyewe, wauguzi wa zamu wakamwachia nafasi kwa heshima. Siku tisa baadaye akapumzika.

Wakati wa msiba watoto walijadiliana nani atamchukua baba. Hakuna aliyemuuliza yeye, mazoea hayo hayo. Naye hakusema. Walitawanyika wakiwa na wasiwasi ule ule aliokufa nao mama yao: mzee atajifungia na vyuma vyake, na likizo hii itapita bila yeye.

Wiki iliyopita simu ya kitinda mimba ililia. Kwenye kioo likatokea neno "Mama". Anasema alikuwa amempakata mtoto, akaogopa kuipokea. Akaipokea.

"Ni mimi, baba yako. Natumia simu ya mama. Nakuja tarehe kumi na nane."

"Karibu, baba."

"Kuna kilichoharibika?"

"Hapana, baba. Hakuna."

"Haya. Nakuja hivyo hivyo." Kisha akasema, "Usikate. Na wewe mwenyewe, unaendeleaje?"

"Nikamwambia, baba, si vizuri," binti ameandika. "Nikalia. Mtoto naye akalia. Baba hakukata simu."

Kwako Mzee Spana, kwa mwalimu wetu wa hesabu na mkewe, kwa kitinda mimba na mumewe, kwa mjukuu mkubwa aliyeshika tochi na mdogo ambaye bado hajajua amepokewa na nani: poleni sana. Msiba wenu ni wa wengi. Wapo watu wazima mtaani leo waliopita mikononi mwa mama yenu.

Na wewe uliyetusikiliza, likizo itaanza baada ya wiki mbili. Katika kila familia yupo mtu ambaye habari zake tunazipata kwa mtu mwingine. Fikiri ni nani kwenu. Na usingoje aliye katikati aondoke. Mtafute huyo mtu, muulize mwaka wake umekuwaje, kisha kaa usikie jibu lote, hata kama litachukua jioni nzima.