Ndugu Clementi na Mwingereza wa Pipa la Chokaa

Inatangazwa rasmi, kwa masikitiko yanayostahili, kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 1977 wananchi wa Bunda, Kibara na Nyamuswa hawatamwona tena Mwingereza akianguka kutoka kwenye ngazi na kutua ndani ya pipa la chokaa. Ndugu Clementi Masatu, fundi wa gari la sinema hapa Musoma, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka kumi na tisa kazini.

Alipewa mikanda miwili: mmoja wa kilimo bora cha pamba, wa pili wa kuchekesha, ili watu wasiondoke kabla ya ule wa pamba. Wa kuchekesha ulikuwa bubu, hivyo maneno aliyatia mwenyewe kwenye kipaza sauti. Alianza kwa kusema huyu bwana ni Mwingereza. Yaliyofuata kila mtu alijionea. Kufikia mwaka wa nane hapakuwa na kijiji kisichojua kwamba Waingereza ni watu wema, wana heshima, ila ngazi hawaziwezi.

Mwaka 1969 akaja Nyamuswa mtaalamu wa pamba, Mwingereza kweli. Kila alipotaka kupanda kukagua paa la ghala, Mama Boke Nyamburi, kiongozi wa wakulima, aliiondoa ngazi kwa upole na kumletea kiti. Alifanya hivyo miezi mitatu. Mgeni akashtaki Musoma. Mkuu wa kazi akamwambia Ndugu Clementi asafishe jina la Waingereza kabla ya Jumamosi, la sivyo arudishe funguo za gari.

Ijumaa jioni Ndugu Clementi alifunga shuka la sinema pale Nyamuswa, akaegemeza ngazi ukutani, akamwomba mtaalamu apande mbele ya watu wote. Akapanda, akashuka, akarudia, suruali safi. Makofi yakapigwa, na funguo zikabaki mfukoni mwa Ndugu Clementi. Mama Boke peke yake hakushangaa: “Si amekaa kwetu miezi mitatu huyu? Wakifikaga hapa wanajifunza.”

Ndugu Clementi, asante kwa vicheko, na kwa matope ya barabara ya Kibara ambamo ulisukuma gari bila kununa. Huko Butiama uendako kulima, upate mvua ya kutosha, afya, na majirani wenye muda wa kukusikiliza.

Juzi, wakati wa kukabidhi vifaa, tulifuta vumbi kwenye kopo la ule mkanda na kusoma kibandiko chake. Ulitengenezwa Denmark.